Upande wa Kushoto wa Maude

Ijumaa ile saa kumi jioni, duka la kukodisha viatu vya theluji, vile vya kufunga juu ya buti mtu asizame, pale Baie-Saint-Paul lilikuwa limefurika. Kila aliyetoka mjini kwenda milimani kwa wikendi alikuwa amekumbuka viatu dakika ya mwisho. Watu walipigana vikumbo na makoti yao manene, theluji ikayeyuka chini ya buti zao ikawa tope, na mwenye duka alisimama juu ya kigoda akitangaza saizi zilizobaki.

Maude Pelchat hakusikia hata saizi moja.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye nywele za kahawia alizoziachia upande wa kushoto zikafunika sikio. Hakufanya hivyo kwa urembo. Miaka saba nyuma aliamka asubuhi moja akakuta sikio hilo limekuwa kimya. Madaktari walihangaika nalo mwezi mzima, kisha wakainua mikono. Tangu siku hiyo, penye watu wengi, maneno humjia yamechanganyika, asijue lipi ni la nani. Mumewe, Patrice, alivumilia kumrudia-rudia maneno kwa mwaka mmoja na nusu. Baadaye akazoea kusema, "Basi, achana nalo, halikuwa la maana." Mwisho hata hilo hakulisema tena. Akafungasha vitu vyake, akaondoka.

Mwaka mmoja na nusu uliopita Maude naye aliondoka kwao Rimouski, akaja jiji la Quebec ambako hakuna aliyemjua, akapata kazi katika karakana ya meno bandia ya Bi Huguette, mtaa wa Limoilou. Siku ya kwanza aliombwa achague meza. Akaiacha ile nzuri ya dirishani, akachukua ya pembeni kabisa, ukuta ukiwa kushoto kwake na watu wote kulia. Hakuna aliyemuuliza kwa nini, na yeye aliapa hakuna atakayejua.

Pale dukani aliona jozi moja tu ya saizi yake imebaki kwenye rafu, pana, yenye meno ya chuma chini. Akaikamata. Papo hapo mkono mwingine ukaikamata upande wa pili.

"Bibie, hivyo nimeviona tangu niko mlangoni," sauti ya mwanamume ilisema kuliani kwake.

"Ungeviona kwa mikono basi," Maude akajibu bila kugeuka.

Mwanamume akaacha kuvuta. Halafu akasema polepole, "Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Mungu wangu! Bi Rangi?"

Sauti ile Maude aliijua kuliko alivyoijua ya mama yake mzazi. Akageuka.

"Bwana Chuma?"

Karakana ya Bi Huguette ilikuwa na tawi Chicoutimi, mwendo wa saa mbili na nusu kaskazini. Huko ndiko Ghyslain Dallaire alikotengeneza mifupa ya chuma ya meno, akaituma Limoilou, na Maude akaivika kaure, ule udongo mweupe wa meno bandia, na kuitia rangi. Kwa mwaka mmoja na nusu walikuwa wakipigiana simu kila siku ya kazi, mara mbili au tatu. Mwanzoni ilikuwa kugombana tu. Maude alimwambia chuma chako kimepinda, Ghyslain alimwambia macho yako ndiyo yaliyopinda. Kisha wakaanza kuulizana wamekula nini, kumenyesha theluji kiasi gani, wameota nini. Hawakuwahi kuonana. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza Bi Huguette kuamua matawi mawili yapande mlima pamoja.

"Nilidhani wewe ni mfupi," Ghyslain alisema.

"Mimi nilidhani wewe ni mrefu."

"Basi tumedanganyana mwaka mzima na nusu."

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mmoja, mfupi, mabega mapana, ndevu zimeanza kuingia mvi. Alivaa koti la sufi la mirabaraba myekundu lililokosa kifungo kimoja, na kofia ya kufuma ya bluu iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Aliiachia ile jozi.

"Chukua, kipenzi. Mimi nitapanda mlima kwa magoti."

"Usiniite kipenzi mbele za watu."

"Kwenye simu nakuita, hujawahi kukataa."

"Kwenye simu hukuwa na ndevu," Maude alisema, na watu wawili waliokuwa karibu wakacheka.

*

Nyumba waliyokodi ilikuwa kijijini Saint-Urbain, chini ya mlima. Walikuwa watu kumi na watano. Jiko la kuni lilinguruma, kukawa na supu ya njegere na pai za nyama, na kila mtu alisema kwa sauti ya juu kuliko mwenzake. Maude aliketi mwisho wa benchi, upande wake wa kawaida. Alicheka wenzake walipocheka, akichelewa kidogo kila mara. Kufikia sahani ya pili kichwa kilikuwa kinamuuma kwa kuwinda maneno. Alikuwa kati ya watu kumi na wanne, na hakuwahi kujiona peke yake namna ile.

Simu ikatikisika mfukoni: Ghyslain.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Jikoni. Nakuona. Mbona unawachekea watu kama unayepigwa picha ya pasipoti?"

Maude akainuka, akavaa koti, akatoka barazani na kufunga mlango nyuma yake. Kelele zote zikabaki ndani. Sikioni mwake ikabaki sauti moja tu, nzima, ileile ya kila siku. Kupitia kioo cha dirisha alimwona Ghyslain amesimama karibu na sinki, taulo la vyombo begani, simu sikioni, anamtazama.

"Mtu mzima unampigia simu mtu aliye hatua kumi kutoka kwako," alimwambia.

"Nimekuzoea hivi. Uso wako unanitia kigugumizi."

"Ni mbaya kiasi hicho?"

"Maude, acha uchokozi. Nimevunja sahani mbili tangu umeingia. Muulize Josiane aliyezifagia."

Maude akacheka, na safari hii hakuchelewa. Wakaongea robo saa nzima, kioo kikiwa katikati yao, pumzi yake ikikitia ukungu na yeye akiufuta kwa kiganja ili amwone. Akajisikia wepesi, kiasi cha kutaka kusema.

"Ghyslain, kuna kitu sijakuambia."

"Sema."

Akamtazama yule mwanamume aliyekuwa akimsubiri kwa uso wote. Akamkumbuka Patrice. Akaona namna uso huo nao utakavyochoka.

"Pai inaungua," alisema.

*

Kesho yake walianza kupanda saa tatu asubuhi. Jua lilikuwa kali, baridi kali zaidi. Misonobari ilikuwa imeinama kwa mzigo wa theluji, na njia ilikuwa nyembamba, kila mtu akikanyaga alama za aliyetangulia. Maude alipenda safari ile. Watu wakienda mstari mmoja, wanahema, hakuna anayetarajia kujibiwa. Alisikia viatu vyake vikitafuna theluji ngumu, na nyuma yake akajua yupo Ghyslain, kwa kuwa kila akiteleza mkono ulimshika kiwiko.

"Taratibu, Bi Rangi. Ukivunjika, nani atanirudishia kazi yangu kila Jumatatu?"

"Ikiwa mbovu itarudi tu, hata nikiwa kitandani."

Karibu na kilele Josiane, mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mcheshi asiyepitwa na habari yoyote, alitangaza kwamba amechoka na wote wapumzike wanywe chai. Aliwakonyeza wenzake. Maude hakuliona hilo. Yeye na Ghyslain waliendelea wawili, wakafika juu.

Huko upepo ulikuwa ukipiga bila kizuizi. Maude alivuta kofia ya koti juu ya kofia ya sufi, akasimama ukingoni. Milima ilishuka mmoja nyuma ya mwingine hadi kwenye mto Saint-Laurent, ambao kwa mbali ulikuwa na vipande vyeupe vya barafu na vipande vyeusi vya maji. Ghyslain alikuja akasimama ubavuni kwake, upande wa kushoto. Bega lake liligusa bega la Maude, wala hakuliondoa. Maude alikaa hivyo muda mrefu, anatazama mto, na kwa mara ya kwanza tangu aje Quebec hakutamani kuwa popote pengine.

Alipogeuka, alimkuta Ghyslain anamtazama. Kofia yake ilikuwa mkononi, masikio yamekuwa mekundu, na macho yalikuwa ya mtu anayesubiri kitu. Maude alidhani anasubiri washuke.

"Baridi kali," alimwambia huku akitabasamu. "Tushuke, tusije tukaganda hapa."

Ghyslain akavaa kofia yake.

"Sawa," akasema. "Tushuke."

Katika kushuka alitangulia. Maude alijitahidi kumfikia akashindwa, maana alikuwa akitembea kama mtu aliyesahau kitu chini. Alipoteleza, aliyemshika alikuwa Josiane.

Jioni hiyo Ghyslain alikaa meza ya mbali. Maude alimpigia simu kutoka barazani, akamwona kupitia kioo anaitoa mfukoni, anaitazama, anairudisha. Baada ya chakula Bi Huguette, mama wa miaka sitini na mitatu aliyezoea kuwaita wafanyakazi wote wanawe, aligonga glasi kwa kijiko.

"Wanangu, tumtakie heri Ghyslain. Fermont wanamtaka, akawe fundi wa meno wa mji mzima, mkataba wa mwaka. Wamempa hadi kesho jioni kuwajibu. Nimemwambia nikimkosa nitalia, lakini asinitazame mimi. Haya, mwanangu, umeamuaje?"

"Naenda," Ghyslain alisema, akiitazama glasi yake.

Watu wakapiga makofi. Maude naye alipiga. Fermont ilikuwa karibu kilomita elfu moja kaskazini, mji wa machimbo, theluji hadi mwezi wa sita. Ghyslain hakuwahi kumtajia, mwaka mzima na nusu wa simu, neno moja. Maude alilala na uso ukutani, akaona jambo zima limefunuka: kwenye simu Ghyslain alimpenda, alipomwona uso kwa uso akakinai, na njia ya kuondoka alikuwa nayo tayari.

*

Jumapili mchana waliagana kwenye maegesho. Wa Chicoutimi walikuwa wanapita njia ya mlimani kurudi kwao, wa Quebec wanashuka na basi dogo ambalo Bi Huguette aliliendesha mwenyewe. Injini zilikuwa zimewashwa, watu wanapigiana kelele za kwaheri. Ghyslain alikuwa anafunga viatu vya theluji juu ya gari lake. Maude akamwendea.

"Safari njema basi," alisema.

Ghyslain alikaza kamba. "Angalau ungesema hapana, Maude. Hapana ningeielewa. Lakini baridi?"

"Hapana ya nini?"

Hakujibiwa. Wenzake walikuwa wanapiga honi ndani ya gari, naye akaingia, akafunga mlango. Gari likaondoka likirusha theluji nyuma.

Ndani ya basi Maude alikaa dirisha la kushoto, Josiane akakaa kuliani kwake. Walikuwa hawajafika barabara kuu Josiane alipoanza.

"Dada, unajua mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu."

"Josiane, hiyo ndiyo kazi yako, meno unafanya kwa kujishikiza. Sema."

"Haya. Ulimtesa yule mtu jana. Sisi tulikuwa tumeshafika nyuma yenu, upepo ukatuletea kila kitu. Mtu anavua kofia kwenye baridi ile, anakwambia, 'Maude, kuna kazi Fermont, lakini sema neno moja tu niikatae, nihamie Quebec, nianze kuamka karibu na sauti yako.' Nikajishika mdomo. Na wewe unamjibu tushuke tusigande!"

Maude akamgeukia.

"Alisimama upande gani?" aliuliza.

"Upande gani vipi?"

"Kushoto au kulia, Josiane!"

"Kushoto. Kwani kuna tofauti?"

Maude alitoa simu, akampigia Ghyslain. Iliita mara moja, ikakata. Akapiga tena, ikawa hivyohivyo. Njia ya mlimani haina mtandao hadi karibu na Chicoutimi, na kila mtu ndani ya basi alilijua hilo. Mara ya tatu ikampa nafasi ya kuacha ujumbe. Basi lilikuwa dogo, na watu saba walikuwa wamenyamaza makusudi. Maude alisema hivyohivyo mbele yao.

"Ghyslain, ni mimi. Sikukusikia. Sikio langu la kushoto halisikii kitu, limekufa miaka saba sasa. Ulisimama upande wa kushoto, upepo unavuma, mimi nikawa naangalia mto. Sikusikia hata neno moja. Usitume jibu. Nipigie kwanza. Tafadhali, mpenzi, nipigie kwanza."

Alikata simu. Bi Huguette alimtazama kwenye kioo cha dereva.

"Ndiyo maana uliikataa meza ya dirishani," alisema kwa upole.

"Ndiyo."

"Mwaka mzima na nusu. Mtoto wewe."

Josiane alimkumbatia, analia yeye badala ya mwenyewe. Maude hakulia. Aliishika simu mapajani safari nzima, kama mtu aliyebeba yai.

*

Simu iliita saa kumi na moja na nusu. Maude alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa nyumba yake bado na buti miguuni.

"Nimefika saa kumi na moja," Ghyslain alisema bila salamu. "Nikawasha kompyuta kabla hata ya kuvua koti. Nilikuwa na hasira. Nikatia sahihi, nikatuma. Halafu ndipo nikaona umenipigia."

Maude alifumba macho.

"Maude? Upo?"

"Nipo."

"Mbona hukuniambia? Siku zote hizo! Nimekueleza hadi mambo ya marehemu baba yangu."

"Kwa sababu kwenye simu nilikuwa mzima," Maude alisema. "Nilikuwa nakusikia kama watu wote wanavyosikia. Sikutaka wewe pia uanze kunirudia maneno."

Alimsikia akivuta kiti, akikaa.

"Nikuulize basi, kama ningesimama kulia ungejibu nini?"

"Ningesema ndiyo kabla hujamaliza."

"Basi nawaandikia sasa hivi. Niambie niache, naacha."

Maude alinyanyuka, akaenda dirishani. Alitaka kusema acha. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

"Kuna nani anayekusubiri huko?"

"Fundi wao alistaafu mwezi wa kumi. Wazee wasio na meno wanakunywa uji tangu wakati huo. Jana kuna bibi mmoja alinitumia ujumbe, anataka ale nyama siku ya Pasaka."

"Na umeshawapa neno lako."

"Nimeshawapa. Maude, unanisikia?"

"Nakusikia. Ndiyo shida yenyewe, leo nakusikia vizuri mno." Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Nenda, Ghyslain. Ila usiende kwa hasira. Na usiende bila kupita hapa."

*

Alipita Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, akizunguka njia ndefu ya saa tano isiyo ya lazima, gari limejaa masanduku hadi dari. Maude alikuwa amevaa gauni la kijani la sufi alilolinunua kwa siku hiyo, na nywele alikuwa amezifunga nyuma, masikio yote mawili nje. Ghyslain alipoziona alivua kofia. Walikula mayai na mkate wa kukaanga, wakanywa kahawa, wakaongea wakikatizana, na kila saa ya ukutani ilipolia wote wawili walijifanya hawakuisikia.

Saa nne alilazimika kuondoka. Waliteremka ngazi za chuma za nje mpaka kando ya barabara. Ghyslain alizunguka gari kwa makusudi, akaja akasimama kuliani kwake.

"Nina neno, na safari hii nimepima upepo," alisema. "Nikirudi mwakani, nataka kukuoa."

Maude alimgeukia.

"Rudia."

Uso wa Ghyslain ukabadilika. "Hukusikia?"

"Nimesikia vizuri sana. Rudia tu."

Akarudia. Akarudia tena, kwa sauti ya juu, hadi jirani aliyekuwa akinyunyiza chumvi kwenye barafu ya ngazi zake akasimama kumtazama.

"Ndiyo," Maude alisema. "Na mwezi wa saba nina wiki tatu za likizo. Huko kwenye nyumba uliyopewa kuna vitanda vingapi?"

"Kimoja. Kibovu."

"Nitakuja na godoro."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Ghyslain alimkumbatia muda mrefu. Halafu akajinyanyua kwa ncha za vidole upande wa kushoto, akaleta midomo sikioni, akasema kitu. Maude alihisi joto la pumzi na ndevu zikimchoma shingoni, basi.

"Umesema nini?"

"Hilo la kwangu," alisema. "Nitakuambia siku nikirudi."

Akaingia garini. Gari lilipita mataa mawili, likakata kushoto kuelekea daraja, likapotea. Maude alibaki kando ya barabara, slipa zikilowa, mpaka jirani akamwuliza kama amefungiwa nje.

"Hapana," alisema. "Nyumba ipo wazi."

Alipanda ngazi taratibu. Ndani kulikuwa kimya pande zote mbili. Mezani kikombe cha Ghyslain kilikuwa na kahawa nusu, bado ya vuguvugu. Maude akaketi kwenye kiti chake, akainywa yote kabla haijapoa.